Spea hazikai: namna ya kuujua mwaka halisi wa Toyota Hilux ya zamani

Swali la kwanza dukani huwa "Ya mwaka gani?" Mwenye gari hutoa kadi ya usajili, husoma mwaka ulioandikwa, hulipa na kwenda zake gereji. Huko fundi humrudishia mzigo: matundu ya boliti hayalingani, meno yamepungua mawili, au paipu ni fupi kwa kidole kimoja. Mara nyingi muuzaji hakudanganya, wala kadi haikughushiwa. Tatizo ni swali lenyewe. Hilux iliyofanya kazi miaka 25 au 30 haina mwaka mmoja. Bodi ina wake, injini ina wake, difu ina wake, na kadi nayo ina wake. Spea hufuata kifaa inachofungwa, haifuati karatasi.

Maelezo haya yanahusu Hilux zilizotengenezwa kati ya 1983 na 2005, ambazo bado zinabeba mahindi, saruji na abiria kuanzia Mombasa hadi Bukavu. Andaa tochi, brashi ya waya, mafuta ya taa kidogo, chaki nyeupe, vernia (kipimo cha kusoma milimita) na simu yenye kamera.

Kabla ya dalili yoyote: namba mbili

Fungua boneti utazame ukuta unaotenganisha injini na kabini. Hapo pana kibao cha bati chenye mistari ya MODEL, ENGINE, FRAME NO., COLOR, TRIM, TRANS/AXLE na PLANT. Kipige picha kizima, hata kama unahitaji mstari mmoja tu. Kesho utahitaji mwingine. Kibao hiki mara nyingi hakina mwaka, na watu wengi hukata tamaa hapo. Usikate tamaa. Kina kitu chenye thamani kuliko mwaka.

Kisha nenda gurudumu la mbele la kulia. Kata usukani hadi mwisho ili tairi lipishe, umulike ubavu wa chesisi. Namba ya chesisi imegongwa moja kwa moja kwenye chuma. Sugua tope kwa brashi, pangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, acha pakauke, kisha pitisha chaki kwa ubapa. Chaki itabaki juu na namba itasomeka kama maandishi meusi kwenye karatasi nyeupe. Usitumie msasa wala mashine ya kusaga: chuma kilichosagwa kwenye namba huonekana kama namba iliyochezewa, na siku ya ukaguzi au ya kuuza gari utaulizwa maswali usiyoweza kuyajibu.

Namba ya kibao na ya chesisi lazima zifanane. Zikitofautiana, ama bodi imehamishwa kutoka gari jingine, ama kuna jambo la kisheria. Kama ni gari unalotaka kununua, liache. Kama tayari ni lako, fuata namba ya chesisi kwa spea za chini na kibao kwa spea za bodi, na umalize suala la nyaraka kabla halijakukuta barabarani.

Sasa soma MODEL, kwa mfano LN106R. L ni ukoo wa injini, yaani dizeli za L, 2L, 3L na 5L. N ni Hilux. 106 ni chesisi na mpangilio wake. R ni usukani wa kulia kwa gari lililotengenezwa kuuzwa nje ya Japani. L mahali hapo ingekuwa usukani wa kushoto. Mwanzo wa kodi hii, yaani mfuatano huu wa herufi na tarakimu, ukiwa RN, injini ya kiwandani ilikuwa ya petroli ya ukoo wa R kama 22R. YN ni ukoo wa Y, na RZN ni RZ. Tarakimu ndizo zinazotaja kizazi:

LN50, RN60, LN65 na wenzao wa 50, 60 na 70: kizazi cha 1983 hadi 1988 (cha nne).
LN85, LN90, LN106, LN111, yaani wa 80, 90, 100 na 110: cha 1988 hadi 1997 (cha tano).
LN145, LN166, RZN169, yaani wa 140, 150, 160 na 170: cha 1997 hadi 2005 (cha sita).

Ukikuta KUN, TGN au LAN, hicho ni kizazi kilichofuata, na tarakimu zake zimeanza upya chini kabisa, kama KUN25. Ukikuta 130, kwa mfano LN130, hiyo ni Hilux Surf, gari la abiria lililotokana na Hilux. Inashirikiana na Hilux vitu vingi vya chini, lakini usinunue kioo wala mlango kwa kutegemea undugu huo.

Dalili: mwaka wa kadi unaonekana sahihi, lakini spea ni ya gari jingine

Sababu ya kwanza ni kwamba mwaka wa kadi mara nyingi ni wa usajili. Gari lililotoka Japani huja na cheti kinachotaja tarehe ya usajili wa kwanza kule, na Kenya nayo huhesabu ukomo wake wa miaka 8 kwa tarehe hiyo. Pikapu inaweza kutoka kiwandani mwezi wa nane na kusajiliwa Februari ya mwaka unaofuata. Kwenye karatasi umeongeza mwaka mzima. Kwenye chuma hakuna kilichobadilika.

Sababu ya pili ni kalenda ya Kijapani. Nyaraka za zamani huandika mwaka kwa enzi ya mfalme. Mwaka wa Showa huongezewa 1925, na mwaka wa Heisei huongezewa 1988. Showa 63 ni 1988. Heisei 1 ni 1989. Heisei 9 ni 1997. Mtu akisoma "H9" haraka na kuandika 1999, anaweza kuwa ameruka kutoka kizazi cha tano hadi cha sita kwa kosa la kalamu. Kama bado una cheti cha asili, kihesabu upya mwenyewe.

Ya tatu ni katalogi za Marekani, ambazo wauzaji wa mtandaoni hupenda kuzitumia. Kule gari hutajwa kwa mwaka wa modeli, na modeli ya mwaka ujao huanza kutengenezwa miezi ya mwisho ya mwaka uliopo. Pikapu ya Oktoba 1988 huko ni ya 1989. Kwetu ni ya 1988. Mkizungumza na muuzaji bila kukubaliana mnahesabu vipi, kila mmoja atakuwa sahihi na spea itakuwa kosa.

Dalili: gari ni la 1988, 1997 au 2005, na kila duka linatoa kitu tofauti

Hii ndiyo miaka ya mpaka, nayo ndiyo inayokula fedha za watu zaidi ya mingine. Kizazi cha tano kilianza Septemba 1988. Kwa hiyo "Hilux ya 1988" ni magari mawili tofauti kabisa: la Julai ni LN65 na ndugu zake, la Novemba ni LN106 na ndugu zake. Vioo, milango, taa, bampa, dashibodi, vyote havibadilishani. Hali ni ileile kwa 1997, kizazi cha sita kilipoingia Septemba, na pia 1983 na 2005.

Ukiwa na gari la mwaka wa mpaka, acha kabisa kutaja mwaka dukani. Taja kodi. "Naomba taa ya mbele ya LN106" haina utata; "taa ya Hilux ya 88" ni bahati nasibu. Kama kibao kimepotea, itazame tandiko la nyuma, yaani sehemu ya kubebea mizigo. Kizazi cha 1988 kilikuja na kuta za tandiko za kipande kimoja, bila mishono ile ya bati iliyokuwa ikishika maji na kuota kutu kwenye kizazi kilichotangulia.

Nembo ya mbele inasaidia kidogo. Toyota ilianza kutumia nembo yake ya duara tatu Oktoba 1989; kabla ya hapo shoo, yaani grili ya mbele, ilikuwa na herufi za jina tu. Shoo ya asili yenye nembo haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Lakini shoo hufungwa kwa skrubu chache, na gari la umri huu limeshagonga ng'ombe au ukuta angalau mara moja. Ichukue kama dokezo tu.

Ndani ya kizazi kimoja pia kuna mipaka midogo. Kizazi cha sita kilibadilishwa sura mwaka 2001, na ukinunua taa ya 1999 kwa gari la 2003, hata pale zinapoelekea kukaa, pengo kati ya taa na boneti litakuonyesha kosa.

Dalili: namba ya chesisi haionyeshi mwaka

Watu wamesikia kwamba herufi ya kumi ya namba ya chesisi ndiyo mwaka. Ni kweli kwa magari ya Marekani kuanzia modeli ya 1981, yenye namba ya herufi na tarakimu 17. Kule B ni 1981, J ni 1988, V ni 1997, Y ni 2000, kisha 1 ni 2001 na kuendelea hadi 9. Herufi I, O na Q hazitumiki popote kwenye namba hizo, ili zisichanganywe na 1 na 0.

Hilux za kwetu ni habari nyingine. Gari lililouzwa Japani kwenyewe lina namba fupi: kodi, kistari, na tarakimu saba, kama LN106-00 na kuendelea. Ndani yake hamna mwaka. Ni foleni tu ya kiwandani. Magari ya Toyota ya masoko mengine yanaweza kuwa na namba ya 17 ambayo nafasi ya kumi ni 0, na 0 si mwaka katika mfumo wowote. Anayekuambia "sifuri maana yake 2000" anakosea, na amekwisha kuwakosesha wengi.

Mwanzo wa namba ndefu bado una faida: JT ni Toyota iliyotengenezwa Japani, AHT ni Afrika Kusini, MR0 ni Thailand. Hilux ya Durban, Afrika Kusini, na ya Japani za kizazi kimoja zinaweza kutofautiana kwa vitu kama ekseli ya mbele na vipande vya bodi, kwa hiyo mwambie muuzaji nchi kabla hajafungua katalogi.

Namba isiyo na mwaka hufunguliwa kwa katalogi ya kielektroniki ya Toyota. Wauzaji wakubwa wa spea halisi wanayo. Ukiingiza namba kamili ya chesisi, hutoa mwezi na mwaka gari lilipotoka kiwandani, pamoja na aina ya injini, gia boksi na difu vilivyofungwa siku hiyo. Hakikisha anachagua soko sahihi: Japani, masoko ya jumla, Ulaya au Marekani. Namba ya Japani ikitafutwa kwenye masoko ya jumla haionekani, na muuzaji mwenye haraka atakuambia gari lako "halipo".

Kwenye katalogi hizo kila spea ina kipindi chake, kwa mfano 8809-9708: kuanzia Septemba 1988 hadi Agosti 1997, mwaka ukitangulia mwezi. Wakati mwingine kifaa kimoja kina mistari miwili au mitatu yenye vipindi tofauti ndani ya kizazi kilekile. Hapo mwaka peke yake hautoshi. Mwezi ndio unaoamua, na ndiyo maana tunasisitiza upate tarehe kutoka kwenye chesisi badala ya kukisia kutoka kwenye kadi.

Kama kodi ina herufi na kistari mbele, mfano U-LN106 au KC-LN107, hilo ni gari la soko la Japani. Herufi hizo ni za kanuni zao za moshi, na KC ni ya kanuni za baadaye kuliko U.

Dalili: spea za mbele chini hazifanani hata kwa sura

Umeomba boljointi na fundi anacheka kwa kuwa gari halina boljointi. Hilux za 4x4 zilitengenezwa kwa mifumo miwili ya mbele kwa wakati mmoja, ndani ya miaka ileile. LN106 ina ekseli nzima ngumu iliyokaa juu ya springi za vyuma bapa vilivyopangana, kama ya nyuma. LN111 ina mikono ya juu na ya chini, boljointi, na chuma kirefu cha mviringo kinachojipinda badala ya springi. Kizazi cha sita nacho kimetoka kwa mifumo yote miwili kutegemea soko. Mwaka hauwezi kukujibu hapa. Lala chini uangalie. Ukiona difu ya mbele na ekseli ni pande moja linalopanda na kushuka pamoja, ni ngumu. Ukiona shafti mbili fupi zenye mipira ya grisi kila upande, ni ya mikono. Ujumbe wowote kuhusu shokomzoba, bushi, tairodi, haba au breki za mbele uanze na jambo hili.

Kisha hesabu nati za tairi. 4x4 ina nati sita zilizokaa kwenye duara la milimita 139.7. 4x2 nyingi zina nati tano. Breki na beringi za haba hufuata hesabu hiyo kabla ya kitu kingine chochote, na kuna magari yaliyobadilishwa haba njiani. Hesabu mbele na nyuma.

Upande wa usukani nao huingia hapa. Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo wanaendesha kulia. Magari yaliyopitia Ghuba yalikuja na usukani wa kushoto, na baadhi yake yamehamishiwa kulia baadaye kwenye gereji. Steringi boksi, fimbo zake, mashine ya waipa, pedali, dashibodi na paipu za breki hutofautiana kwa upande. Taa za mbele pia: huonekana sawa na hukaa sawa, lakini mwanga wa taa ya nchi za kuendesha kulia hupanda upande wa katikati ya barabara ukiifunga kwenye gari la kwetu, na humpofusha anayekuja. Anayenunua Dar es Salaam kwa ajili ya gari la Bujumbura aseme hivyo mapema. Kama gari limehamishwa usukani, kodi ya kibao itasema L na usukani uko kulia. Spea za usukani hapo zipimwe kwa kifaa kilichofungwa, kwa sababu hakuna anayejua fundi alitumia boksi la gari gani.

Dalili: spea za injini hazikai, ingawa kodi ni sahihi

Kodi inasema injini ya kiwandani. Injini iliyomo leo inaweza kuwa ya tatu. 2L nyingi zilitolewa na kuwekwa 3L kwa kuwa inaingia bila taabu kubwa na ina nguvu zaidi ya kupanda mlima. Soma namba iliyogongwa kwenye uso bapa wa bloku; huanza na jina la injini, kama 3L, kisha mtiririko. Hiyo ndiyo unayonunulia gasketi, pistoni, ringi, mkanda wa taimingi, pampu ya maji na nozeli.

Namba ikiwa imeliwa na kutu, na hedi iko nje, pima tundu la silinda kwa vernia:

L: milimita 90 (sentimita za ujazo 2188)
2L: 92 (2446)
3L: 96 (2779)
5L: 99.5 (2986)

Silinda iliyotobolewa upya itazidi kwa nusu milimita au milimita moja, kwa hiyo tafuta namba iliyo karibu kwa chini. 3L na 5L zinakwenda urefu uleule wa pistoni, milimita 96, na kwa nje ni vigumu kuzitenganisha. Ukifunga gasketi ya 3L kwenye 5L, ukingo wa tundu la gasketi utachungulia ndani ya silinda karibu milimita 1.75 kila upande. Ukingo huo hushika moto, huungua, na baada ya wiki chache maji yanaingia kwenye oili. Watu hulaumu gasketi kuwa feki. Gasketi ilikuwa halisi, ila ya injini nyingine.

2L yenyewe ina sura mbili. Za awali zina roka, yaani vipande vinavyosukuma valvu, juu ya valvu. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1980 hedi ilibadilishwa, kemu (shafti inayofungua valvu) ikawa inagonga moja kwa moja bakuli zenye shimu, yaani visahani vya kurekebisha nafasi. Kusema "hedi ya 2L" tu hakutoshi. Fungua kava ya juu, tazama kama kuna roka, piga picha, ndipo uagize hedi, valvu, kemu au gasketi ya kava.

Kwenye petroli, 22R ina mpaka wake pia. Kwa magari ya modeli ya 1985 kimo cha bloku kilipunguzwa, na hedi, pistoni na kava ya mbele vikabadilika. Jina lilibaki 22R. Pistoni za upande mmoja wa mpaka huo usizipeleke upande wa pili.

Hita plagi, yaani plagi zinazopasha moto injini ya dizeli kabla ya kuwaka, zinastahili tahadhari ya peke yake kwa sababu kosa lake huharibu zaidi ya plagi. Toyota ilitumia plagi za volti tofauti kwenye injini hizihizi, ingawa betri ni ya volti 12. Plagi ya volti ndogo, kama 6, imekusudiwa mfumo unaoipa umeme mwingi kwa sekunde chache halafu unaupunguza. Ukiifunga kwenye gari ambalo kidhibiti chake kimetolewa na kuwekwa swichi ya kubonyeza, ncha huvimba, hukwama kwenye hedi, au hukatika na kudondokea ndani. Kinyume chake, plagi ya volti 12 kwenye mfumo wa haraka haipati muda wa kuwaka, na asubuhi ya baridi ya Makambako au Limuru gari litazungushwa hadi betri ife. Volti imechapwa kwenye mwili wa plagi. Soma ya zamani, lakini angalia pia kama nyaya na kidhibiti ni vya asili, kwa maana ya zamani inaweza kuwa kosa la aliyekutangulia.

Klachi ni kifaa cha mpakani. Kipenyo chake hufuata gurudumu la injini, meno yake ya kati hufuata shafti ya gia boksi. Injini ikiwa imebadilishwa na gia boksi ikabaki, jina la gari halitakupa klachi sahihi. Pima kipenyo cha pleti ya zamani, hesabu meno ya katikati, upime na unene wa shafti.

Dalili: difu imebadilishwa, sasa gari linavuma, linakosa mwendo, au linakaza kwenye 4x4

Difu za Hilux za umbo moja zina uwiano tofauti ndani yake. Mstari wa AXLE kwenye kibao una kodi ya uwiano wa kiwandani, lakini difu huhamishwa kirahisi, kwa hiyo hesabu mwenyewe. Weka kabari magurudumu ya mbele, inua gurudumu moja la nyuma kwa jeki na uweke stendi imara. La pili libaki chini. Toa gia, fungua brekimkono. Chora mstari wa chaki kwenye propela na kwenye tairi. Zungusha tairi lililo juu mizunguko miwili kamili huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela. Miwili, kwa sababu gurudumu moja likiwa limesimama, lile la pili huenda mara mbili ya mwendo wa krauni, gia kubwa ya ndani ya difu.

Propela ikizunguka mara 4 na kidogo tu, uwiano ni 4.1, yaani meno 41 kwa 10. Ikizidi kidogo 4 na nusu, ni 4.556, yaani 41 kwa 9. Ikikaribia 5, ni 4.875, yaani 39 kwa 8. Difu ikiwa imefunguliwa mezani, hesabu meno ya krauni na ya pinioni, gia ndogo inayoizungusha, ugawanye ya krauni kwa ya pinioni.

Kwenye 4x4 difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na uwiano mmoja. Ya 4.1 mbele na ya 4.556 nyuma zinatofautiana kwa asilimia 11 hivi. Ukiunganisha 4x4 kwenye udongo mkavu au lami, pande mbili zitavutana, gari litakaza kwenye kona, na kitakachovunjika ni kisanduku cha kugawa nguvu, ambacho ni ghali kuliko difu zote mbili.

Ujumbe wa kumtumia muuzaji

Uwe mfupi lakini kamili: kodi yote ya MODEL pamoja na herufi za baada ya kistari, namba kamili ya chesisi, jina la injini kama lilivyosomwa kwenye bloku, 4x2 au 4x4, ekseli ya mbele ngumu au ya mikono, upande wa usukani, idadi ya nati. Ambatisha picha ya kibao na picha ya spea kuukuu ikiwa kando ya rula.

Kama spea kuukuu ni halisi, tafuta namba yake. Namba ya Toyota ina mafungu mawili. La kwanza, la tarakimu tano, hutaja aina ya kifaa: 11101 ni silinda hedi, 11115 ni gasketi ya hedi, 04465 ni pedi za breki za mbele, 04495 ni brekshuu za nyuma. La pili hutaja injini au gari. Kwenye vifaa vya ukoo wa L mara nyingi huanza na 54. Muuzaji akikupa gasketi ya hedi ya dizeli ambayo fungu la pili linaanza na 35, mwambie asimame hapo, kwa maana hiyo ni dalili ya 22R. Namba mbili za mwisho zinaweza kubadilika kifaa kinapoboreshwa; mwache athibitishe kwenye katalogi kwamba mpya imechukua nafasi ya ile ya zamani.

Hakuna kibao, chesisi imeliwa na kutu, kadi haiaminiki

Hapo unakusanya tarehe. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho. Karibu na mzizi wake kuna kitambaa kilichoshonewa chenye tarehe ya kutengenezwa. Geuza vipande vya plastiki kama tangi la maji ya waipa na sanduku la hita: baadhi vina duara dogo lenye mshale unaoelekea namba ya mwezi, na mwaka wa tarakimu mbili katikati. Kagua alama ya kila kioo kwenye kona; vingi vikiwa na alama ya kampuni moja na kodi inayofanana, huenda ni vya asili, na kile kinachojitenga kimebadilishwa.

Andika tarehe zote kwa mtiririko. Gari halijatoka kiwandani kabla ya kifaa chake cha asili kilicho kipya kuliko vyote, na kwa kawaida limetoka wiki au miezi michache baada yake. Mikanda miwili ikisema Aprili 1991, sanduku la hita likasema Mei 1991, na tangi la waipa likasema 1998, tangi ndilo mgeni. Tafuta spea za bodi kama za gari la katikati ya 1991. Spea za injini, klachi na difu zisiguse tarehe hizo kabisa. Kwa hizo, rudi kwenye bloku, kwenye meno na kwenye vernia.